Sura ya Saba: Nani Hufika Mwezini Kwanza?

Swali hili huulizwa na wazazi wa Kitale, walimu wa Bungoma na hata wadogo wanaosubiri zamu yao ya kompyuta nyumbani. Kijana amekwisha kufikisha roketi mwezini katika mchezo wa kompyuta. Mbona anarudia safari ileile kutwa nzima ili apunguze dakika mbili? Si amefika? Anatafuta nini tena?

Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kufika mwezini mara ya kwanza kunahitaji subira na bahati kidogo, lakini kufika upesi kunahitaji kuelewa. Barabarani, anayekanyaga mafuta ndiye anayefika mapema. Angani mambo si hivyo. Mara nyingi anayekanyaga mafuta ndiye anayechelewa, au asiyefika kabisa. Kijana anayepigania dakika zile mbili hana budi kujua ni kwa nini, na akishajua, amepata sayansi ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani kisha tukaisahau.

Tutaanza na mchezo wenyewe na kanuni za mbio zake. Halafu tutaifuata safari moja tangu roketi inapopaa hadi inapotua, tuone dakika zinapotea wapi na zinapatikana wapi.

Mchezo wenyewe

Michezo ya kuiga safari za anga ni mingi, lakini unaotajwa zaidi ni Kerbal Space Program. Ulitengenezwa na kampuni ya Squad ya Mexico City, kazi ikiongozwa na Felipe Falanghe. Ulitolewa kwa umma mara ya kwanza mwezi Juni 2011, na toleo lake kamili likatoka Aprili 2015. Huo huchezwa kwa kompyuta. Kwa mwenye simu tu kuna Spaceflight Simulator, unaoonyesha roketi kwa ubavu na kuchezwa kwa kidole.

Katika yote miwili kazi ni moja. Unaunda roketi kipande kwa kipande: tangi la mafuta, injini, chumba cha wanaanga, parachuti. Kisha unairusha. Kuanzia hapo hakuna huruma, kwa sababu mchezo unafuata kanuni za mwendo alizozichapisha Isaac Newton mwaka 1687. Roketi iliyo nzito kuliko msukumo wa injini yake haiondoki chini. Ikiishiwa mafuta kati ya sayari na mwezi, inabaki ikielea huko huko.

Sayari ya nyumbani katika Kerbal inaitwa Kerbin. Kutoka kitovu chake hadi ardhini ni kilomita 600, chini ya sehemu moja ya kumi ya dunia yetu, lakini mtu akisimama juu yake anavutwa chini kwa nguvu ileile tunayoijua sisi. Angahewa yake, yaani hewa inayoifunika, inakoma kilomita 70 juu. Ukipita hapo ukiwa na kasi ya kutosha ya kwenda kando, unaingia kwenye obiti. Obiti ni njia ya kuizunguka sayari bila kuanguka na bila kuwasha injini.

Kasi hiyo ni kubwa kiasi gani? Kutoka Kitale hadi Bungoma, ukikata moja kwa moja angani, ni kama kilomita 70. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka dunia usiku na mchana, huvuka umbali kama huo kwa sekunde 9 hivi. Roketi iliyo kwenye obiti ya chini ya Kerbin ingeuvuka kwa sekunde 31. Abiria wa matatu ya kupitia Kiminini na Webuye atakuwa hajamaliza kulipa nauli.

Saa ipi ndiyo saa?

Mbio za kushindana na saa, ambazo wachezaji huziita spidirani, hazikuanza na roketi. Mchezo wa Doom wa mwaka 1993 ulimwezesha mchezaji kuhifadhi rekodi ya jinsi alivyocheza, na watu wakaanza kutumiana ushahidi wa nani amemaliza upesi. Mwaka 1997 kundi la wachezaji wa Quake likatoa rekodi ya kuumaliza mchezo mzima kwa dakika zisizotimia 20.

Kwenye mbio za aina hii, hoja ya kwanza huwa ni kanuni: saa inaanza lini na inakoma lini? Watu wa Mlima Elgon wanajua uzito wa swali hilo. Katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Berlin mwaka 2009, Linet Masai, mzaliwa wa Kapsokwony katika kaunti ya Bungoma, alikimbia mita 10,000. Katika hatua za mwisho Meselech Melkamu wa Ethiopia alikuwa mbele, akaanza kuinua mikono kushangilia. Masai hakupunguza. Alimpita mstarini kwa dakika 30 na sekunde 51.24, mwenzake akiwa na 51.34. Baada ya nusu saa ya kukimbia, dhahabu iliamuliwa na sehemu moja ya kumi ya sekunde. Pasipo mstari unaojulikana na saa isiyo na utata, ushindi ule usingekuwa na mwenyewe.

Katika michezo ya anga saa ziko mbili:

- Saa ya ukutani. Huu ni muda anaotumia mchezaji akiwa ameketi kitini, tangu anapoanza hadi roketi inapotua.
- Saa ya safari. Huu ni muda unaopita ndani ya mchezo, kwa wanaanga walio kwenye roketi.

Saa hizi hazilingani kwa sababu mchezo unaruhusu kuharakisha muda, katika Kerbal hadi mara 100,000. Safari ya saa 7 ikiharakishwa mara 1,000 huisha kwa chini ya nusu dakika ya ukutani. Hapo ndipo mbio zinapogawanyika. Anayekimbizana na saa ya ukutani hana sababu ya kuchoma mafuta mengi njiani, kwa kuwa njia ndefu ya kubana mafuta inamgharimu sekunde chache tu. Yeye huokoa muda kwa kuunda roketi ndogo yenye vipande vichache na kwa kutosita: pembe ameijua, kitufe amekijua, mahali pa kuwashia injini amepajua. Anayekimbizana na saa ya safari hulazimika kuilipia kila saa kwa mafuta, na roketi yake huwa kubwa mno.

Kwa hiyo mwezi ni uleule, lakini roketi ni mbili zisizofanana hata kidogo. Vijana wawili wasiokubaliana kwanza juu ya saa hawawezi kushindana. Wakishakubaliana, yabaki maswali mengine. Je, wanaanga ni lazima warudi hai? Kupita karibu na mwezi kunatosha au ni lazima kutua? Mtu akiharibu, anaruhusiwa kurudi alipohifadhi mchezo, au anaanza upya?

*Kwa ufupi: kabla ya kuuliza nani amefika kwanza, uliza ni saa gani iliyopima na mstari uko wapi.*

Kupaa: kwenda juu hakutoshi

Kila anayeanza huelekeza roketi juu, akachoma mafuta yote, akafika mbali sana, kisha akaanguka pale pale alipotoka. Alikuwa na kimo, lakini hakuwa na kasi ya kando. Kwenye kimo cha kilomita 80 juu ya Kerbin, obiti inahitaji karibu mita 2,280 kwa sekunde za kwenda kando. Lakini roketi inayotoka ardhini hulazimika kubeba mafuta ya kutosha kuongeza kasi yake kwa mita 3,400 hivi kwa sekunde. Hizo zaidi ya elfu moja zinakwenda wapi?

Zinaliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni mvutano wa sayari. Kila sekunde ambayo roketi inapanda wima, mvutano unaipokonya karibu mita 10 kwa sekunde za kasi yake. Cha pili ni hewa. Kasi ikiongezeka mara mbili, upinzani wa hewa huongezeka mara nne. Ukipanda polepole, mvutano unakula mafuta yako. Ukikimbia mno ukiwa bado chini kwenye hewa nzito, hewa ndiyo inayoyala.

Mchezaji hodari hupita katikati ya mambo haya mawili. Roketi ikifikia mita 100 kwa sekunde, anaiinamisha kidogo kuelekea mashariki. Ikifika kilomita 10 au 12 juu, imelala nusu kwa nusu, yaani digrii 45. Inapokaribia ukingo wa angahewa, inakwenda karibu sambamba na ardhi. Ukitazama rekodi za wachezaji wazuri utaona mikono yao haishughuliki sana wakati huu. Wameinamisha mara moja, kwa pembe inayofaa, na mvutano wenyewe unaendelea kuilaza roketi. Asiyejua huvuta huku na huku, na kila mvuto ni mafuta yaliyopotea.

Kwa nini mashariki? Kwa sababu sayari inazunguka kuelekea huko, na roketi huondoka ikiwa tayari na kasi hiyo. Kerbin inatoa mita 175 kwa sekunde bila malipo. Dunia yetu inatoa 465 kwenye ikweta, na hapa Magharibi mwa Kenya tuko karibu kabisa na ikweta: Kitale iko digrii 1 kaskazini, Bungoma kama nusu digrii. Ukiwa umesimama tuli katika soko la Bungoma, ardhi inakubeba kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,670 kwa saa. Kituo cha Cape Canaveral cha Marekani kinapata mita 408 kwa sekunde, na kile cha Baikonur huko Kazakhstan, kilicho mbali zaidi kaskazini, kinapata 323 tu.

Zawadi hiyo ya ikweta ni sababu kubwa iliyowaleta Waitaliano pwani ya Kenya. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi, roketi aina ya Scout ilirusha setilaiti tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Setilaiti ile ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kijana wa Kitale anayeielekeza roketi yake mashariki kwenye kioo cha kompyuta anatumia hesabu ileile iliyotumika Malindi.

Haraka ina bei

Sasa tuko kwenye obiti, kilomita 100 juu ya Kerbin. Mwezi wake mkubwa unaitwa Mun, nao uko kilomita 12,000 kutoka kitovu cha sayari. Mwaka 1925 mhandisi Mjerumani Walter Hohmann alichapisha kitabu kilichoeleza njia ya kutoka obiti ndogo kwenda kubwa kwa mafuta machache. Unawasha injini mara moja, njia yako inarefuka upande mmoja hadi inagusa obiti ya unakokwenda, nawe unasubiri ufike.

Tulinganishe njia hiyo na nyingine mbili. Hesabu hizi hazijaingiza mvuto wa Mun wenyewe, lakini picha ni hiyo hiyo:

- Ukiongeza kasi kwa mita 840 kwa sekunde, unafikia umbali wa Mun baada ya saa 7 na nusu hivi.
- Ukiongeza mita 930, unafika baada ya saa 3 na dakika chache.
- Ukiongeza mita 2,000, unafika baada ya saa 1 na dakika chache.

Zitazame vizuri tofauti hizi. Mita 90 za kwanza zinaokoa zaidi ya saa nne. Mita 1,070 zinazofuata zinaokoa saa mbili tu. Asiyepiga hesabu huamini kwamba kila tone la mafuta hununua muda uleule, akaunda roketi kubwa kupita kiasi. Aliyepiga hesabu anajua mahali ambapo mafuta kidogo hununua muda mwingi, na anajua pa kuachia.

Isitoshe, anayefika kwa kasi ni lazima asimame. Angani hakuna breki wala hewa ya kukupunguza kwenye mwezi usio na angahewa. Unageuza roketi nyuma na kuchoma mafuta tena. Yule wa njia ya tatu hufika Mun akiwa na karibu mita 3,000 kwa sekunde za kuondoa, na mafuta ya kuziondoa alilazimika kuyabeba tangu ardhini.

Mafuta hayo ndiyo mzigo wenyewe. Fikiria lori la mahindi linalotoka Kitale kwenda Mombasa, na njiani hakuna kituo hata kimoja cha mafuta. Litabeba madumu yake. Lakini madumu yana uzito, na uzito huo unataka mafuta zaidi, ambayo nayo yana uzito. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alichapisha hesabu ya jambo hili mwaka 1903. Ikiwa injini yako inatoa moshi kwa kasi ya mita 3,000 kwa sekunde, basi ili roketi ibadilishe kasi yake kwa mita 3,000, ni lazima ianze safari ikiwa na uzito mara 2.7 ya uzito itakaobaki nao. Kwa mita 6,000 ni mara 7.4. Kwa 9,000 ni mara 20. Ndiyo maana roketi hutupa matangi yaliyokwisha njiani: kubeba chuma tupu ni kuchoma mafuta bure.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji hulijua mikononi kabla ya kulijua kwa maneno. Mafuta yaleyale hufanya kazi kubwa zaidi yakichomwa wakati roketi inakwenda kasi, karibu na sayari, kuliko yakichomwa mbali inapojikokota. Hermann Oberth, mmoja wa waasisi wa elimu ya roketi, ndiye aliyelieleza, na limepewa jina lake. Kwa hiyo swali si una nguvu kiasi gani tu, bali unaitumia wapi. Ben Jipcho, mwanariadha kutoka Mlima Elgon, alilithibitisha hilo kwa miguu. Katika fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya mwaka 1968 huko Mexico City, alitoka mbio akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56, ili kumwekea kasi mwenzake Kipchoge Keino. Keino akashinda kwa karibu sekunde 3, akamwacha Jim Ryun wa Marekani aliyesifika kwa kumalizia kwa nguvu. Wakenya wale walitumia nguvu zao pale ambapo zingeuma zaidi, na mapema.

*Kwa ufupi: muda hununuliwa kwa mafuta, lakini bei yake si moja kila mahali. Mshindi wa mbio ni anayejua panapouzwa rahisi.*

Ukitaka kumfikia aliye mbele, punguza mwendo

Baadhi ya mashindano humtaka mchezaji akutane na chombo kingine kilicho tayari kwenye obiti. Hapa ndipo akili ya barabarani inapomponza kila mtu, wakiwemo wanaanga wa kweli.

Tarehe 3 Juni 1965, Jim McDivitt akiwa kwenye chombo cha Gemini 4 alijaribu kukikaribia kipande cha roketi kilichokirusha chombo hicho. Kilikuwa kinaonekana. Alikielekea, akawasha injini ndogo, kikazidi kwenda mbali. Akajaribu tena, kikazidi. Mafuta yakapungua sana na jaribio likaachwa.

Sababu ni kwamba ukiongeza kasi kwenye obiti, unapanda juu, na huko juu mzunguko ni mrefu na mwendo ni wa polepole. Unajikuta nyuma ya uliyemfukuza. Ili kumfikia aliye mbele, punguza kasi kidogo. Utashuka kwenye mzunguko mfupi, utamkaribia kwa chini, kisha utapanda mahali panapofaa. Wamarekani walilishinda fumbo hilo mwaka uleule: tarehe 15 Desemba 1965, Gemini 6A iliifikia Gemini 7.

Na usidhani mbio hizi ni za michezoni tu. Kwa miaka mingi chombo cha Soyuz cha Urusi kilichukua siku mbili hivi kuwafikisha wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Machi 2013, wanaanga walifika kwa takriban saa 6. Tarehe 14 Oktoba 2020, Soyuz MS-17 ilifika kwa saa 3 na dakika 3. Siri haikuwa roketi kubwa zaidi. Waliteua wakati wa kuruka kwa usahihi mkubwa, kituo kikiwa mahali panapofaa angani, na wakapunguza mizunguko ya kusubiriana. Siku mbili ziligeuka saa tatu kwa mpango. Huo ndio ujuzi uleule anaoutafuta kijana anayerudia safari yake kwenye mchezo.

Sekunde za mwisho

Tuseme umefika Mun na unashuka wima kwa mita 100 kwa sekunde. Injini yako, baada ya kuushinda mvuto wa Mun, inaweza kupunguza kasi kwa mita 10 kila sekunde. Unahitaji sekunde 10 kusimama, na katika sekunde hizo utashuka mita 500. Uwashe lini?

Mwoga huwasha kwenye mita 800. Anasimama akiwa bado mita 300 juu, kisha anateremka kidogo kidogo, injini ikiwaka muda wote, mafuta na sekunde vikipotea. Mwenye pupa huwasha kwenye mita 450. Amechelewa kwa mita 50 tu, lakini atagonga ardhi kwa mita 32 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Miguu ya chombo inavunjika, wanaanga wanapotea, na saa yake haihesabiki. Anayewasha kwenye mita 500 anaona namba zikiteremka pamoja, kasi na kimo, na zote mbili zinafika sifuri kwa wakati mmoja.

Roketi ya Falcon 9 ya Marekani hutua kwa mtindo huu. Inapokuwa nyepesi baada ya kazi, injini yake moja tu ina nguvu kuliko uzito wake, kwa hiyo haiwezi kuning'inia hewani ikitafakari. Ni lazima kasi ifike sifuri inapogusa chini. Ilifaulu kwa mara ya kwanza Desemba 2015. Roketi ya aina hiyo ndiyo iliyoibeba Taifa-1, setilaiti ya Kenya, tarehe 15 Aprili 2023.

Basi, kijana anapoteza wakati?

Namjibu mzazi bila kuzunguka. Akicheza kwa kubahatisha, akibonyeza hadi siku moja itokee, anapata burudani na si zaidi. Akicheza akijiuliza kwa nini jaribio la jana lilikuwa bora kuliko la leo, anafanya kazi ya mwanasayansi: anakisia, anajaribu, anapima, anarekebisha. Kanuni za Newton na mwendo wa duara zimo katika fizikia ya sekondari. Shule nyingi hazina vifaa vya kuzionyesha, na mwalimu hubaki na chaki. Mchezo huu ni maabara ambayo roketi ikilipuka hakuna anayeumia na hakuna shilingi inayopotea.

Wenye kazi ya anga wenyewe hawaudharau. NASA ilishirikiana na watengenezaji wa Kerbal katika nyongeza ya mwaka 2014 iliyohusu kukamata vimondo vikubwa, na Shirika la Anga la Ulaya likafanya hivyo mwaka 2020.

Mchezo una mipaka yake. Kerbal huhesabu mvuto wa sayari moja tu kwa wakati mmoja, ilhali angani vyote huvutana. Sayari zake ni ndogo, na hivyo kila kitu ni rahisi kuliko hali halisi. Na mchezo mzuri unaweza kumeza usiku mzima na kazi ya shule pia. Mzazi aweke saa za kucheza, na adai daftari. Kabla ya kila safari kijana aandike atabadilisha nini na anatarajia nini. Baada ya safari aandike kilichotokea. Daftari hilo ndilo linalotofautisha kujifunza na kukesha.

Kitale dhidi ya Bungoma

Naliona shindano ambalo lingefaa sana miji hii miwili, katika likizo ya Agosti. Kitale ina National Polytechnic yake, Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, na shule kadhaa za sekondari zina vyumba vya kompyuta. Hakuna haja ya mashine za bei ghali wala intaneti ya siku nzima. Kazi zipangwe hivi, kutoka nyepesi hadi nzito:

1. Kuingia kwenye obiti kwa mafuta machache zaidi.
2. Kuingia kwenye obiti kwa muda mfupi zaidi wa saa ya safari.
3. Kufika Mun na kurudi hai, kwa saa ya ukutani.
4. Kufika Mun na kurudi hai, kwa saa ya safari, roketi isizidi uzito uliokubaliwa.
5. Kukutana na chombo kilicho tayari kwenye obiti.

Na kanuni ziwe hizi:

- Kila jaribio lirekodiwe tangu mwanzo hadi mwisho.
- Wanaanga wakifa, jaribio halihesabiki.
- Stima ikikatika, mchezaji anaanza upya bila adhabu.
- Mshindi hapewi zawadi kabla ya kusimama mbele ya wenzake na kueleza ameokoa muda wapi na kwa nini.

Kanuni ya mwisho ndiyo ninayoishikilia kuliko zote. Rekodi isiyoelezeka huishia kwa mwenyewe. Ikielezwa, kesho yake darasa zima linaanzia pale alipofikia mshindi, na mtoto wa Kiminini au Chwele aliyeshindwa leo ana jambo la kufanyia kazi. Walimu wa fizikia wa Kitale na Bungoma wanaweza kuanza na kompyuta moja, mchezo mmoja na daftari, muhula huu huu.